Maktaba mtandaoni: mwongozo wa mkutubi anayeanza na simu moja

Wakutubi wa maktaba ndogo za Nairobi, za mitaani, za shule na zile zilizo nyuma ya makanisa, huniuliza mambo yaleyale kila mara. Tufungue Facebook au TikTok? Tuanzishe kundi la WhatsApp? Tuposti nini? Mbona wafuasi wapo na viti ni vitupu? Nimeona heri niyaandike mahali pamoja. Mwongozo huu unakufaa ikiwa maktaba yenu haina mtu wa teknolojia wala bajeti ya matangazo, na wewe unayesoma ndiye pia unayepanga rafu, kudai faini na kunyamazisha watoto.

Jambo moja nikutangulizie, maana hatua zote zinalitegemea. Ukurasa wa maktaba uufanyie kazi kama kaunta ya pili: mtu aulize, ajibiwe, apate kitabu. Kaunta isiyo na mhudumu ni heri isifunguliwe kabisa.

Kabla ya kuanza, uwe na:

- Simu ya maktaba. Hata iliyotumika inatosha, mradi kamera yake iwe safi na betri ikae mpaka jioni. Si simu yako.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Mkutubi akihama na laini yake, anahama na wasomaji wote.
- Barua pepe ya maktaba, ambayo nywila yake inajulikana na watu wawili na imeandikwa kwenye karatasi inayofungiwa kwa kufuli.
- Watu wawili wa kushika zamu, hata kama wa pili ni mwanafunzi wa mafunzo ya kazini.
- Orodha ya vitabu unayoweza kutafuta ndani yake. Kama mna Koha, programu ya kompyuta ya kuendesha maktaba, vizuri. Kama ni jedwali la kompyuta, sawa. Kama ni kadi za karatasi pekee, anza kwa kunakili vile vinavyoulizwa sana.
- Idhini ya maandishi kutoka kwa mkuu wako au kamati. Siku posti itakapomkera mtu mzito, karatasi hiyo utaitafuta.
- Kaunta-buku moja. Ndiyo, daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na maswali ya wasomaji ni mali.

Hatua ya 1: Uliza wasomaji wako wako wapi

Kwa wiki mbili, kila anayeazima kitabu muulize swali moja: "Ukitaka kujua kama tumefungua, ungependa kutuuliza wapi?" Andika jibu kwenye kaunta-buku pamoja na rika lake. Usiandike jina.

Utagundua haraka kwamba mzazi wa mtaa wa Umoja, mwanafunzi wa chuo na mzee anayekuja kusoma gazeti hawako mahali pamoja. Hata hivyo, Nairobi nzima ina WhatsApp, kwa hiyo mara nyingi jibu litakuwa hilo. Chagua mlango mmoja tu wa kuanzia. Kosa ninaloliona kuliko yote ni kufungua akaunti tano siku moja. Miezi mitatu baadaye nne zimelala, na mgeni anayeangukia iliyolala anadhani maktaba ilifungwa.

Hatua ya 2: Rekebisha ramani kwanza

Kabla hujaposti chochote, jitafute kwenye Google Maps. Pengine maktaba yenu tayari ipo, imewekwa na mpita njia, na saa zake si sahihi. Omba umiliki wa mahali hapo kwa barua pepe ya maktaba. Utatakiwa kuthibitisha kwamba pako chini yenu, na mara nyingi siku hizi huombwa video fupi inayoonyesha lango, kibao cha jina na ndani. Ni bure.

Ukishaidhinishwa, jaza saa za kufungua, namba ya simu, na picha ya lango kama linavyoonekana ukiwa barabarani. Halafu andika maelezo ya njia kwa alama ambazo watu wanazijua. Watu wa Nairobi hawaendi kwa namba za majengo. Ukimwambia mtu maktaba ya McMillan iko Mtaa wa Banda, huenda akauliza tena. Mwambie ni lile jengo lenye simba wa mawe mlangoni, karibu na Msikiti wa Jamia, na atafika. Andika yenu hivyohivyo: ushukie steji gani, uvuke upande upi, lango ni la rangi gani.

Sikukuu zikikaribia, badilisha saa mapema. Mtu aliyepanda matatu mbili akakuta kufuli hatakupa nafasi ya pili.

Hatua ya 3: Weka WhatsApp Business

Pakua WhatsApp Business, ile ya bure, kwenye simu ya maktaba. Namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na hii kwa wakati mmoja, ndiyo maana nilisisitiza laini tofauti. Kisha:

1. Weka jina kamili la maktaba na picha ya jengo. Usiweke sura yako, maana utaanza kutafutwa saa nne usiku.
2. Jaza saa za kazi na maelezo ya njia uliyoandika kwenye ramani.
3. Washa ujumbe wa kutokuwepo, utumwe nje ya saa za kazi. Mfano: "Asante kwa kuandika. Maktaba imefungwa kwa sasa. Tutakujibu kesho kuanzia saa mbili asubuhi."
4. Tengeneza majibu ya haraka kwa maswali yanayorudi. Ukiandika alama ya mkwaju (/) na neno fupi, jibu zima linajitokeza. Anza na manne: /saa, /kadi, /njia, /ongeza. Hilo la mwisho ni la anayetaka kuongezewa siku za kukaa na kitabu.
5. Tumia lebo kwenye mazungumzo: "anasubiri kitabu", "amechelewesha", "swali gumu". Lebo ya kwanza peke yake itakuokolea muda mwingi.
6. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada inayolinda akaunti, na uiandike PIN hiyo kwenye ile karatasi ya kufuli.

Onyo: kodi, yaani msimbo wa tarakimu sita wa kuthibitisha namba unaokuja kwa SMS, asipewe mtu yeyote. Matapeli huandika kwa upole, "samahani, nimetuma kodi kwako kimakosa, nisaidie." Mkutubi ni mtu wa kusaidia, na hapo ndipo anaponaswa.

Jibu lenyewe liweje? Tazama mfano huu:

"Habari ya jioni mwalimu. Mko na kamusi ya Kiswahili? Niko kidato cha tatu."

"Habari njema, karibu sana. Tunazo, ila kamusi haziazimwi, zinasomewa hapa. Ziko rafu ya kwanza kushoto ukiingia. Kesho tunafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Uje na kitambulisho cha shule. Unatafuta maana za maneno, au ni ushairi unaokusumbua?"

Hilo swali la mwisho ndilo kazi ya mkutubi hasa. Mtoto anaomba kamusi kwa sababu ndilo jina analolijua, kumbe anachohitaji ni kitabu cha uchambuzi. Ukijibu "ndiyo, zipo" ukanyamaza, umefanya kazi ambayo mashine ingefanya.

Na kama kitabu hamna, usimalize kwa "hakuna". Mwelekeze tawi la Huduma ya Maktaba ya Taifa lililo karibu naye, kwa mfano Buruburu, au makao makuu ya Upper Hill, au kwa watu wa Eastlands, maktaba za Kaloleni na Makadara. Mwambie apige simu kwanza.

Hatua ya 4: Kundi, chaneli au ujumbe wa pamoja?

Hapa ndipo wengi huchomeka.

Kundi hufanya namba ya kila mwanachama ionekane na wote. Fikiria msichana wa kidato cha pili na mwanamume asiyejulikana katika orodha moja, na ninyi ndio mliowakutanisha. Mbali na hilo, kundi lililoachwa wazi halichukui muda kujaa mahubiri, siasa na biashara za kuzidisha pesa.

Ujumbe wa pamoja, ule unaotumwa kwa orodha, huenda kwa watu 256 tu kwa kila orodha, na humfikia yule aliyehifadhi namba yenu pekee. Unafaa kwa jambo dogo, kama kuwakumbusha waliochelewesha. Lakini wape ukumbusho bila kutaja kitabu. Anachosoma mtu ni siri yake.

Chaneli ni ya upande mmoja: mnatangaza, wao wanasoma na kuweka emoji. Mfuasi haoni namba ya mwenzake. Kwa matangazo ya maktaba, naona hii inashinda.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: chaneli kwa matangazo, mazungumzo ya moja kwa moja kwa maswali, na kundi kwa ajili ya klabu ya usomaji tu, yenye watu wazima wanaofahamiana, ambako msimamizi huidhinisha kila anayeingia. Kwa watoto, wasiliana na wazazi. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla hujashughulikia taarifa za mtoto. Kwa hiyo usichukue namba zilizo kwenye fomu za uanachama ukaziingiza kundini. Namba ilitolewa kwa ajili ya kadi. Kwa matangazo, omba ruhusa upya, na kisanduku cha kuweka tiki kwenye fomu kinatosha.

Wasomaji wako wakiwa Facebook zaidi, fungua ukurasa, usifungue akaunti ya mtu binafsi yenye jina la maktaba. Akaunti ya mtu hufika marafiki 5,000 na kukwama, na inaweza kufungwa kwa kuwa jina si la binadamu. Ukurasa uwe na wasimamizi wawili.

Hatua ya 5: Posti kitabu, usiposti maktaba

Nimeona kurasa zilizojaa picha za mgeni wa heshima akikata utepe. Mkuu atafurahi, sawa, weka moja. Msomaji hajapata kitu.

Posti inayoleta mtu mlangoni ina mambo manne: picha ya jalada iliyopigwa penye mwanga wa dirisha, sentensi moja ya kusema kitabu kinamfaa nani, nakala ngapi zipo, na kiko rafu ipi. Kwa mfano:

"Unafuga kuku kwenye ua mdogo? Hiki kinaeleza chanjo na malisho kwa picha, hata asiyependa kusoma sana atakielewa. Nakala 2. Rafu ya kilimo, chini ya dirisha. Andika NAWEKEWA tukuwekee mpaka Ijumaa."

Lile neno NAWEKEWA linafanya kazi kubwa. Mtu akiliandika, toa kitabu kwenye rafu papo hapo, ukifunge kwa raba na karatasi yenye herufi za jina lake, umtumie picha yake kikiwa mezani. Ukishamtumia picha hiyo, anaona kitabu ni chake tayari.

Posti tatu kwa wiki zinatosha. Moja ya kitabu, moja inayojibu swali lililojirudia kwenye kaunta-buku, moja ya jambo linalokuja: hadithi za watoto Jumamosi, au chumba kufungwa kwa mafundi. Zitume jioni, watu wakiwa kwenye foleni ya magari na hawana la kufanya ila kutazama simu. Sheng itumie kwa vijana kama unaizungumza kweli. Kama hauizungumzi, wacha, watakucheka. Saa, faini na kanuni ziandikwe kwa lugha ambayo hata nyanya yao ataielewa.

Maonyo mawili ambayo hayana mjadala:

*Usisambaze PDF za vitabu.* Kila muhula mtu ataomba nakala ya kitabu teule cha fasihi "utume tu hapa". Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haikuruhusu, na maktaba ndiyo ingetakiwa kuwa ya kwanza kulijua hilo. Jalada sawa. Kurasa za ndani, hapana.

*Usiposti sura ya mtoto bila idhini ya mzazi iliyoandikwa.* Piga picha kutoka nyuma, au mikono iliyoshika kitabu. Hakikisha pia beji na sare ya shule hazisomeki.

Hatua ya 6: Waachie wasomaji kazi

Ukishazoea kujibu, waruhusu nao waongeze kitu. Njia ni nyingi, nitaje zile ambazo huhitaji kulipia.

Kura: kundi la klabu na chaneli zote zinaruhusu kura. Kabla ya kununua vitabu, weka majina sita wapige. Kisha, na hili wengi husahau, rudi na picha ya kitabu kilichoshinda kikiwa na muhuri wa maktaba. Ukiomba maoni mara mbili bila kurudi na jibu, mara ya tatu hakuna atakayepiga.

Fomu ya mapendekezo: tengeneza kwa Google Forms, maswali matatu tu, kisha chapisha msimbo wa QR ubandike kwenye kaunta na mlangoni. Ujaribu kwa simu ya bei nafuu kabla ya kubandika.

Katalogi: kama mna Koha, ile programu huria iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, tayari inaweza kupokea mapendekezo ya ununuzi, kuwekewa kitabu, na maoni ya wasomaji ambayo mkutubi huyaidhinisha kabla hayajaonekana. Mara nyingi vipengele hivi vimezimwa tu. Muulize aliyewasimikia.

Picha za zamani: hii naipenda kuliko zote. Januari 2008, Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka zaidi ya picha 3,000 kwenye Flickr na kuwaomba watu waziwekee maelezo, na wananchi wakatambua mahali na watu ambao kumbukumbu hazikuwataja. Hapa kwetu, Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likikarabati McMillan pamoja na Kaloleni na Makadara, na kuhifadhi hazina zake kidijitali. Wewe na simu yako unaweza kuanza na picha moja ya mtaa wenu. Mwombe mzee ruhusa ya kupiga picha ile iliyo ukutani kwake, posti, uliza: "Duka hili lilikuwa la nani?" Kaa tayari, maana watabishana. Majibu yaandike kwenye kaunta-buku pamoja na picha, kwa sababu posti huzama.

Hatua ya 7: Panga zamu

Andika ratiba ukutani: nani anashika simu, saa ngapi. Mara tatu kwa siku zinatosha, asubuhi mkifungua, saa sita, na nusu saa kabla ya kufunga. Kila swali lijibiwe siku hiyohiyo ya kazi, hata kama jibu ni "natafuta, nitakwambia kesho". Simu ibaki maktaba usiku. Faini zilipwe kwa namba rasmi ya taasisi, kamwe zisiende kwa M-Pesa ya mtu, hata kama ni shilingi kumi.

Hatua ya 8: Hesabu kinachohesabika

Mwisho wa mwezi toa namba tatu kutoka kwenye kaunta-buku: maswali yaliyoulizwa, maswali yaliyopata jibu, na vitabu vilivyotoka kwa sababu ya posti. Ya tatu utaipata kwa kumuuliza anayeazima, "umekisikia wapi?" Wafuasi waandike ukipenda, lakini usiwapelekee kamati kama ushindi.

Mambo yakienda mrama

*Tunaposti, hakuna anayejibu.* Angalia posti kumi za mwisho. Kama hakuna iliyomuuliza mtu kitu au kumpa kitabu, umepata jibu. Halafu hakikisha watu wanajua namba ipo: ichapishe kwenye kadi, kwenye karatasi ya tarehe ndani ya kitabu, na kwenye lango.

*Stima imepotea, au Wi-Fi haishiki.* Weka bando ndogo kwenye laini ya maktaba kwa siku kama hizo, na pawabenki iliyojaa chaji. Posti mstari mmoja: mko wazi au mmefunga. Wasomaji husamehe giza, hawasamehi kimya.

*Akaunti ya WhatsApp imetekwa.* Sajili namba upya kwenye simu yenu kwa kodi mpya ya SMS, na mwizi atatolewa. Akiwa ameweka PIN yake, mtasubiri siku saba ndipo muingie bila PIN hiyo. Wakati huohuo tangazeni langoni na Facebook kwamba asitumiwe mtu pesa.

*WhatsApp imefunga namba yetu.* Kwa kawaida ni kwa sababu mlituma ujumbe kwa watu wengi ambao hawakuwaomba, nao wakaripoti. Omba ukaguzi kupitia programu yenyewe, kisha urudi Hatua ya 4 usome kuhusu ruhusa.

*Mtu anatukana kwenye maoni.* Lalamiko, hata kali, liache na ulijibu. Mara nyingi lina ukweli. Matusi, chuki ya kikabila na namba za simu za watu zifute baada ya kuzipiga picha ya skrini na kuzihifadhi.

*Mwalimu anauliza ni mwanafunzi gani anacho kitabu fulani.* Mwambie kitabu kimetoka na kinatarajiwa kurudi tarehe fulani. Jina usitoe, hata akisema ni la dharura. Mwekee kwenye foleni ya wanaosubiri kitabu hicho.

*Msomaji anauliza dawa ya ugonjwa au ushauri wa kesi.* Mpe kitabu au taarifa rasmi inayohusu jambo hilo, na umwelekeze hospitali au kwa wakili. Usikisie.

*Mkutubi aliyekuwa na nywila ameondoka.* Fungua ile karatasi ya kufuli, badilisha nywila za barua pepe kwanza, kisha Facebook, kisha PIN ya WhatsApp, na uondoe vifaa vilivyounganishwa. Kama karatasi haikuandikwa, mtafute kwa heshima kabla hajabadilisha namba. Akishatoa nywila, zibadilishe mbele yake.